Ikilainika, Tunaondoka

Mafuta ya cherehani yana harufu ambayo watu wengi hawaijali. Mimi nikiisikia, natafuta pa kukaa. Juzi nilikwenda Joubert Park, katikati ya Johannesburg, kuchukua gauni langu kwa fundi mmoja Mkongo, na kabla sijamsalimia nikamkuta ameinamisha kichupa chake juu ya mashine, tone baada ya tone. Nikaomba kiti. Akaniuliza kama nina mimba, maana mafundi wa mtaa ule hawana aibu. Nikamwambia ni njaa tu. Nikatoka na gauni ambalo sikulijaribu, na mpaka leo linanibana kiunoni.

Harufu ile ni ya gereji yetu ya Randburg. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa rika langu, mliokuja nchi hii mkiwa wadogo, mmeshika sketi ya mama, baada ya mambo kubadilika na baba zetu kuruhusiwa kurudi kwao. Baba zetu walikuwa wa huku, mama zetu Watanzania, na sisi tulikuwa hatujui vizuri ni watu wa wapi. Mimi nilizaliwa Morogoro nikaitwa Tumaini. Tulipofika Johannesburg watu wakalikata jina likawa Tumi, na kwa kuwa Tumi ni jina la huku pia, hakuna aliyeuliza zaidi.

Kambini, kwa wapigania uhuru wa huku, Baba alikuwa fundi wa silaha. Wenzake walirudi na vyeo, wengine na vikohozi visivyopona. Yeye alirudi na mikono yake. Akapata kazi ya kusimamia walinzi wa maofisi pale Randburg, akanunua nyumba ndogo yenye gereji, na gari aina ya Cressida, jeupe, la zamani. Hakuwa mtu wa maneno. Maneno ya nyumba ile yote aliyaleta Anko Vusi.

Anko Vusi na Baba walitoroka Alexandra, mtaa wao wa Johannesburg, pamoja wakiwa vijana, wakala pamoja ugenini, wakarudi kwa ndege moja. Alikuwa anavuta sigara na kuimba vibaya, na kila akimwona Mama alimwita "shemeji" kwa Kiswahili cha kambini kilichokuwa kinamchekesha Mama mpaka anashika mbavu. Kiti cha mbele cha Cressida kilikuwa chake. Mama mwenyewe alikuwa anahamia nyuma bila kuambiwa, akisema hawezi kushindana na ndoa ya kwanza. Walipokuwa watoto, wale wawili walikuwa wakiangalia filamu za wapanda farasi wa Marekani katika jumba la sinema la Alexandra, na ugomvi wao haukuisha hata ukubwani: nani kati yao angestahili kubeba ile bunduki ya leva. "Siku moja tutainunua, mfowethu," Anko Vusi alikuwa akisema, akimwita Baba ndugu yake. "Tutapigania zamu."

Kisha Anko Vusi akauawa. Majambazi walitaka gari, kwenye robot moja, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, karibu na nyumbani. Sisi tuliambiwa alifia hospitali, usingizini, bila maumivu. Nakumbuka mazishi kwa vipande vipande: sufuria kubwa za kukodi, viatu vyangu vinavyobana, na mchungaji aliyenyanyua mikono akasema kwa sauti ya kutetemesha mabati, "Vusi hajatuacha! Vusi yupo hapa hapa, katikati yetu!" Watu wakaitikia amina. Mimi nikageuza shingo kumtafuta.

Kuna jambo hapa lazima nilieleze, kwa wale waliokulia Tanzania. Watu wa kwao Baba hawamwachi mtu mahali alipofia. Mwili unazikwa, ndiyo, lakini roho inabaki pale ilipotoka, imeduwaa, mpaka ifuatwe. Ndugu wanakwenda na tawi la mti mmoja wa miiba unaoitwa umphafa. Wanamwita marehemu kwa jina, wanamwambia tumekuja, twende nyumbani. Aliyebeba tawi hazungumzi na mtu mwingine yeyote njiani. Wakipanda teksi, tawi linakaa kwenye kiti chake, na kila wakivuka mto au njia panda wanamwambia, sasa tunavuka. Mama yake Anko Vusi, ambaye sote tulimwita Gogo, yaani bibi, alifanya hivyo. Alikwenda hospitali na tawi lake, akarudi Alexandra kimya, na sisi tukadhani kazi imekwisha.

Bunduki ilifika majira ya baridi, ndani ya boksi refu, na vibali vyake vyote. Ilikuwa nakala. Nasema hivyo kwa sababu Baba mwenyewe alisema hivyo kila alipoulizwa: si ya kale, imetengenezwa Italia miaka hii hii, kwa mfano wa zile za wapanda farasi. Kitako cha mbao nyekundu, mtutu mrefu, na chini yake, pale vidole vinaposhika, pete kubwa ya chuma. Hiyo ndiyo leva. Ukiisukuma mbele, ganda la risasi iliyokwisha kupigwa linaruka nje; ukiirudisha, risasi mpya inapanda mahali pake.

Mama aliiangalia kwenye meza ya jikoni na mwiko mkononi. "Ya nini hii, Baba Tumaini?"

"Ya kumbukumbu."

"Kumbukumbu si picha? Watu wanatundika picha."

Baba alitabasamu kidogo, akaibeba kuipeleka gereji.

Kwa sura ilikuwa nzuri mno. Kwa tabia ilikuwa punda. Leva ilikuwa nzito, inakwaruza, na kila risasi iliyojaribu kupanda ilifika nusu ya njia ikakwama. Baba hakushangaa. Aliniambia kiwandani wanazitoa mbio mbio, springi ngumu, kona kali; bunduki ya namna hii unanunua nusu, nusu nyingine unaitengeneza mwenyewe. Akaibana kwenye jiliwa aliloliwekea ngozi ya viatu ili isichubuke. Akazipaka sehemu za ndani wino mweusi wa kalamu, akaziunganisha, akaichezesha leva, kisha akazifungua tena kutazama wino umefutika wapi. "Pale ulipofutika," alisema, "ndipo chuma kinapogombana na chuma." Hapo anasugua kwa jiwe dogo laini lenye mafuta ya cherehani, taratibu, kama mtu anayemsafisha mtoto masikio. Anafuta, anapaka wino tena. Alinikanya kwamba kazi si kupunguza chuma, kazi ni kukituliza. Kwa majaribio alitumia risasi za bandia, shaba tupu isiyo na baruti, na zile za kweli zilikaa kwenye kabati la chuma ambalo funguo zake hazikutoka shingoni mwake.

Nilipenda kumtazama. Ningependa niishie hapo, kwamba nilikuwa na baba fundi na tulikuwa na jioni zetu. Lakini haikuchukua muda nikagundua kwamba hatuko wawili.

Meza ya kazi ilikuwa upande wa kushoto wa gereji, na Cressida liliegeshwa kando yake, dirisha la abiria likitazamana na kigoda cha Baba. Dirisha lile alikuwa analiacha wazi kidogo. Nikirudi shuleni, kabla sijaingia, nasikia anazungumza. Anasema neno, ananyamaza kwa muda unaotosha mtu kujibu, halafu anacheka puani au anasema, "Hapana, hapana, si hivyo." Nikiingia ananyamaza. Alikuwa anabeba vikombe viwili vya chai kwenda gereji, na vyote viwili vinarudi vitupu. Baba hajawahi kuvuta sigara maishani mwake, lakini gereji ilinuka sigara, na kwenye kisahani cha kopo kulikuwa na kichungi ambacho majivu yake hayajaanguka, marefu, yamepinda, kwa sababu hakuna midomo iliyokigusa.

Na mkanda wa gari. Kiti cha mbele, kisichokaliwa na mtu tangu mazishi, kilikuwa kimefungwa mkanda. Nikamuuliza Baba. Akasema unapiga kelele usipofungwa. Mimi nilikuwa nakaa nyuma ya kiti kile kila asubuhi nikipelekwa shule, na nawaapia, ngozi yake ilikuwa imebonyea kwa namna ya mtu mzima aliyeegemea. Nilikuwa navuta miguu yangu juu ya kiti changu nisije nikamgusa kwa nyuma. Siku moja breki ilinirusha magoti yakagonga kile kiti, nikasema, "Samahani, Anko." Baba alinitazama kwenye kioo. Hakuniuliza nimemwambia nani.

Mchungaji alisema yupo katikati yetu. Basi alikuwa yupo, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimemsikiliza mchungaji vizuri. Mwanzoni sikuogopa. Anko Vusi alikuwa ananipenda. Hofu ilianza siku niliyosikia maneno yenyewe. Nilikuwa nimesimama nje ya mlango wa gereji na begi langu mgongoni, upepo wa Julai umebeba majivu ya nyasi zilizochomwa, na Baba alikuwa anaichezesha leva huku anazungumza na dirisha. "Bado kidogo, mfowethu. Bado inashika hapa mwisho. Ikilainika, tunaondoka."

Nikaelewa kila kitu, nilivyodhani. Anko Vusi alikuwa amechoka kukaa peke yake huko alikokwenda. Alikuja kumchukua Baba. Alikuwa anasubiri bunduki yao itengenezwe, ile waliyoitaka tangu utoto, na siku itakapokuwa tayari atashika usukani wa mambo kama alivyozoea, na Baba, ambaye hakuwahi kumkatalia kitu, atamfuata.

Toka siku ile nikawa naishi kwa masikio. Bunduki mpya ilikuwa na sauti ya mfupa, krrr, halafu tak. Nikiwa chumbani kwangu na daftari la hesabu nilikuwa naisikia kupitia ukuta na nafurahi inavyokwaruza. Lakini Baba alikuwa fundi. Kila wiki ile krrr ilipungua. Ikawa kama mtu anayefungua zipu ya begi. Baadaye ikawa kama mtu anayefungua zipu hiyo na hataki asikike. Nyumba ilikuwa inakuwa kimya taratibu, na nilikuwa nimekonda.

Mama aliona kukonda kwangu akanipa dawa ya minyoo. Yeye alikuwa na hofu yake. Alikuwa anasuka nywele kwenye saluni moja ya Randburg, na rafiki yake wa pale, Mama Furaha, Mkongo mwenye sala ndefu, alikuja nyumbani Jumamosi moja kusukwa. Nilikuwa chini ya meza na kitabu cha picha. Kupitia ukuta wa jiko tulisikia kicheko cha Baba puani.

"Bwana yako anasemaka na nani mule ndani?" Mama Furaha aliuliza.

"Na gari."

"Na gari! Ee Mungu. Na iyi bunduki yake?"

Mama alivuta nywele mpaka mwenzake akalia ai. "Wenzake wawili waliorudi naye wameshakwenda kwa mikono yao wenyewe," alisema kwa sauti ya chini. "Mmoja alikuwa anacheka kuliko wote. Mimi nalala jicho moja, dada. Nikimuuliza anasema kumbukumbu."

Sikuelewa kwenda kwa mikono ni kwendaje. Nilielewa tu kwamba wapo wengine waliokwisha kuchukuliwa.

Halafu siku moja mchana, katika likizo ya shule, niliisikia leva na haikuwa na sauti tena. Nasema vibaya: ilikuwa na sauti ndogo, laini, tik, tik, ya mlango mzuri unaofungwa na mtu mwenye adabu. Risasi za bandia zikadondoka kwenye kitambaa moja baada ya nyingine bila hata moja kukwama. Kisha Baba akatoka gereji, akaosha mikono kwa muda mrefu kwenye bomba la nje, akaingia ndani kubadilisha shati. Alikuwa ametulia. Tangu mazishi sikuwahi kumwona ametulia vile.

Nikakimbilia gereji. Bunduki ilikuwa juu ya meza, inang'aa. Nikapita mbali nayo, nikasimama kwenye dirisha la gari, pale kwenye upenyo, na nikasema kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha tuliyokuwa tukitumia naye: "Anko, shikamoo. Anko, nenda peke yako. Niachie Baba. Kama unataka mtu wa kukaa naye nitakuwa nakuja mimi kila siku nikitoka shule, lakini Baba niachie."

Majivu ya kichungi kile yakaanguka kisahanini, na nikapiga yowe.

Ni Mama aliyekuja. Alinikuta nimekaa sakafuni nimeshika mlango wa gari, akaniuliza nazungumza na nani, na nikamwambia yote, vikombe, mkanda, na yale maneno. Niliporudia maneno yenyewe, "ikilainika, tunaondoka," Mama aliketi palepale kwenye sementi na gauni lake la kazi. Aliitazama bunduki. Akanyoosha mkono, akaisukuma leva mbele kwa kidole kimoja, na leva ikaenda.

Alipiga simu Alexandra. Kizulu chake kilikuwa cha kuokoteza sokoni, lakini siku ile kilimtoka bila kigugumizi. Kisha akaenda chumbani, akamwambia Baba kwamba Gogo yuko njiani anakuja kutusalimia, na mtu hamwachi mama mzee anayekuja na teksi akakuta nyumba haina mwanamume. Alijua analosema. Baba angeweza kumkatalia Mama, angeweza kumkatalia hata Mungu, lakini hakuwa na ubavu wa kumkosea adabu mama yake Vusi. Akakaa sebuleni kusubiri, katika shati lake safi, mikono juu ya magoti.

Gogo alikuja, shali begani na kitambaa kichwani. Akanywa chai, akasifu mapazia, akauliza habari za shule yangu. Walizungumza Kizulu, nami nawaandikia kama nilivyokibeba moyoni, kwa lugha ya Mama. Hakugusia alichoitiwa. Baadaye akainuka akasema amechoka, hawezi teksi tena leo, Baba ampeleke nyumbani kwa gari. Tukatoka wote. Gogo akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa mbele.

"Ma, samahani," Baba alisema. "Kaa nyuma na Tumi. Nyuma kuna nafasi."

Gogo alimtazama. Mtu wa umri wake kuambiwa akae nyuma na mtoto! "Hawu, mntanami, mwanangu. Nyuma? Nimekuwa mzigo?"

Gogo akafungua mlango, akaona mkanda uliofungwa juu ya hewa, akasimama. Mimi nilikuwa nimeshaingia kiti changu cha nyuma, na kwa sababu hakuna mtu mzima aliyekuwa anasema kitu, nikasema mimi. "Gogo, hapo amekaa Anko Vusi. Yeye na Baba wanataka kuondoka."

Kwa jirani mashine ya kukata nyasi ilikuwa inanguruma, ikazimika.

"Mtoto amesema nini?" Gogo aliuliza, na hakuniangalia mimi.

"Ni mtoto tu, Ma."

"Nimekuuliza wewe. Mtoto amesema nini?"

Baba aliweka mikono yote miwili juu ya paa la gari. "Hakufika hospitali akiwa hai, Ma," alisema. "Alikuwa amekaa hapo. Walikuja upande wake. Bastola yangu ilikwama. Mimi, Ma, niliyekuwa nawagombeza wenzangu wote kwa silaha chafu. Ilikwama mkononi mwangu. Nilipoondoa gari alikuwa bado anahema. Robot iliyofuata, hahemi. Nikaendelea kuzungumza naye mpaka tukafika."

"Uliniambia alilala kitandani."

"Ulinishika mikono, Ma. Ukaniuliza kama mwanao amekufa barabarani kama mbwa. Nilishindwa."

Nilingoja Gogo apige kelele. Hakupiga. Alisema polepole, kama anayejisomea, "Nilizungumza na kitanda cha watu. Mgonjwa aliyelala pale akaniomba radhi, maskini, akidhani amekosea kitanda. Nikarudi na tawi tupu. Kila nikimwekea chakula chake najua hakuna mtu. Nikadhani amenikasirikia mimi." Kisha akainama, akaingiza kichwa garini. "Vusumuzi," akasema. "Muda wote huu umekaa humu?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji. "Ma, kuna bunduki," alisema.

Gogo akataka aonyeshwe. Aliizunguka meza bila kuigusa. "Ya nani?"

"Yangu, Ma."

"Ya kumpiga nani?"

Baba akatazama chini. Mimi nilikuwa wa mwisho kuelewa. Mpaka dakika ile nilikuwa nyuma ya gari nikisubiri Gogo amgombeze mwanawe aliyekufa, amwambie aache kuchukua baba za watu. Badala yake niliona anamshika Baba shingoni, kwa nyuma, kama anavyoshikwa mtoto mtukutu, na Baba, mtu mzima, fundi wa silaha, akalia kwa sauti. Hapo ndipo nilipoacha kumwogopa Anko Vusi. Nikaanza kumwogopa Baba, au kuogopa kwa ajili yake, sijui kuvitenganisha hata leo.

"Ifungue," Gogo alisema. Baba akaifungua. Kazi ya majira yote ya baridi ikatawanyika juu ya kitambaa, kipande kwa kipande, kila kimoja kinang'aa. "Kipi kati ya hivi kikikosekana inakuwa fimbo?" Baba akaonyesha pini, kijichuma chembamba kirefu kama kidole, ndicho kinachoigonga risasi. Gogo akakifunga ndani ya leso, akaitia leso kifuani. "Siku ukitaka kuondoka," alisema, "njoo kwangu uiombe. Usiombe kwa mwingine."

Kesho yake asubuhi alirudi na tawi. Alimwambia Baba aendeshe mpaka robot ile, ambayo tangu siku ile Baba alikuwa anaizunguka kwa mtaa wa nyuma. Tawi likakaa mbele. Mimi na Mama na Gogo tulibanana nyuma. Taa ilikuwa ya kijani, lakini Baba alisimama, na magari nyuma yetu yakapiga honi, mtu akatutukana kwa Kiafrikana. Gogo hakujali. Alimwita mwanawe kwa jina lake na majina ya ukoo wote, akamwambia mama yako amekuja, haikuwa hospitali, samahani, mama yako alidanganywa, inuka twende. Akanyoosha mkono kati ya viti akafyatua mkanda. Mkanda wa gari lile ulikuwa mlegevu, siku zote ulirudi kwa kuvutwa. Siku ile uliruka wenyewe, kifungo chake kikagonga kioo cha dirisha kwa kishindo. Mama alinibana mkono mpaka nikapata alama. Mpaka Alexandra hakuna aliyesema na mwenzake. Tulikuwa tunasikia tu sauti ya Gogo, Vusumuzi, sasa tunavuka mto, Vusumuzi, sasa tunakunja kushoto, na mimi nilikuwa nimekodolea macho kiti cha mbele. Ngozi yake ilikuwa inapanda polepole, kama unga wa maandazi.

Baada ya hapo tulikwenda kwa Gogo kila Jumapili. Nilidhani tunamtembelea Anko Vusi. Ilinichukua muda kuelewa Baba anatembelea nini. Leso yenye ile pini ilikuwa juu ya kabati la nguo, ndani ya kopo la biskuti, na kiti ambacho Gogo alimpa Baba kilitazamana na kabati hilo. Nilikuwa namwona anatazama. Halafu tunakula, tunaaga, tunarudi Randburg, na wiki inapita.

Jumapili moja ya mvua hakutazama kabati kabisa. Aliingia na koti limelowa, hakuketi. Mama alikuwa jikoni. Mimi nilikuwa kwenye mkeka na penseli zangu za rangi.

"Ma," alisema. "Leo nimekuja kuiomba."

Gogo alikuwa anapakua. Hakuinua kichwa, mwiko wake haukusita. Aliweka ugali kwenye sahani, akaweka utumbo wa ng'ombe juu yake na mchuzi, akaisukuma sahani mbele ya kiti kile.

"Kula kwanza."

Baba alikaa na koti lake la maji. Alikula. Alipomaliza, Gogo alimwongezea bila kumwuliza, naye akala. Akasema, "Nimeshiba, Ma," na Gogo akasema, "Hujashiba," akamwongezea tena. Mvua ilikuwa inapiga mabati, na mimi nilikuwa nimeshika penseli nyekundu sijui niitie wapi, macho yangu mara kwenye sahani, mara kwenye kopo. Sijawahi kumwona mtu akila hivyo, machozi yanamtiririka na taya linafanya kazi. Gogo alikaa mbele yake, mikono imekunjwa, akimtazama kila tonge.

Sahani ilipokwisha aliiondoa. "Mtoto ana shule kesho," alisema. "Jumapili ijayo napika miguu ya kuku."

Baba akainuka. Akanishika mkono, mkono wake ulikuwa baridi na una mafuta ya chakula. Alisimama mlangoni muda mrefu akitazama mvua, mpaka nikadhani atageuka kurudi ndani.

"Ma," alisema, bila kugeuka, "ijayo punguza chumvi."